DADA STAA, MWANAO HAJAHITIMU: ACHENI KUWAHARAKISHA WATOTO KWENYE BUSTA

Wadau wangu, najua mmekuja hapa kutafuta nani kaachana na nani. Hiyo ipo, tutaifikia kesho. Leo kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumapili na lazima nikiteme.

Nyote mmeiona ile klipu. Staa wetu mmoja wa kike, jina silitaji maana mawakili wa mjini hawalali, kapandisha na gari lake jeusi kutoka Mbeya mjini kuja huku kwetu Tukuyu kwenye harusi ya ndugu yake. Njia nzima anarekodi. Ukungu wa Isongole, ndizi za Kiwira zimepangwa pembeni ya barabara, chai ya Katumba kijani mpaka macho yanauma. Mpaka hapo safi kabisa, kaitangaza Rungwe bure, ndaga fijo dada.

Halafu kamera ikageuka siti ya nyuma.

Mtoto wake, ambaye keki yake ya miaka mitatu tuliila kwa macho mwezi uliopita tu, amekaa juu ya kile kijikiti kisicho na mgongo. Kichwa kimelala begani, usingizi mzito. Mkanda wa gari umempita shingoni. Na maandishi juu yake: "Mtu mzima huyu, kiti cha kitoto hataki tena." Vimoyo vitatu.

Shuka kwenye komenti sasa. "Amekua jamani!" "Mama lao, malezi ya kisasa." "Na mimi wangu namuhamisha wiki hii." Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa usingizini. Ndani ya siku mbili nimehesabu kina mama wa mjini wanne wameposti watoto wao wamekaa hivyo hivyo, na mmoja wa kwake hajafika hata miaka mitatu. Imeshakuwa chalenji!

Sasa nasema hivi, na wenye timu zao njooni na mawe: kuhamia busta sio mahafali. Mtoto hapandi daraja, anapunguziwa ulinzi. Kila kiti anachohama mtoto ndani ya gari kinamwacha na ulinzi mdogo kuliko kile alichotoka, na anahama kwa sababu kile cha kwanza kimeshindwa kumtosha, basi. Mzazi mwenye akili anachelewesha siku hiyo. Haikimbilii na kamera.

TUELEWANE KWANZA, KITI GANI NI KIPI

Najua wengi hapa hatujazaa na wengi tumekua tunapakatwa, kwa hiyo twende taratibu.

Kuna kiti cha kwanza, kile mtoto mchanga analala akitazama nyuma ya gari. Shingo yake bado laini na kichwa ni kizito ukilinganisha na mwili, gari likigonga kwa mbele basi kiti kinabeba mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Hiki hakiwekwi siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukifumuka unapiga kiti na mtoto wake.

Kuna cha pili, kinatazama mbele lakini kina mikanda yake chenyewe. Mabega mawili, kiuno mara mbili, na mmoja katikati ya miguu, vyote vinakutana kifuani au tumboni kwenye kifungio kimoja. Mtoto akijaribu kujipinda, hatoki.

Halafu ndio inakuja busta. Busta haina mikanda yake. Kazi yake ni moja tu, kumnyanyua mtoto ili ule mkanda wa gari, ambao umetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, umkae sehemu sahihi. Nyingine ina mgongo na vibawa vya kichwa, nyingine ni kikalio tu kama ile ya dada yetu.

Umeona tofauti? Kwenye kiti cha pili, kiti ndicho kinamshika mtoto. Kwenye busta, mtoto anatakiwa ajishike mwenyewe kwa kukaa vizuri. Ndiyo maana swali sio "amefikisha miaka mingapi?" Swali ni "anaweza kukaa wima, mkanda mahali pake, kutoka Uyole mpaka Tukuyu, hata akilala?" Hiyo ni safari ndefu ya kupanda, kushuka na kona. Mtoto wa miaka mitatu? Huyo hata kwenye kochi la sebuleni hakai dakika tano bila kichwa kuwa chini na miguu juu.

KWA HIYO ANAHAMA LINI?

Nimekaa nimesoma, maana mimi sio daktari wala trafiki, ni kidato cha nne na bando langu. Lakini haya mambo hayajafichwa.

Kwanza angalia kilo na urefu. Viti vingi vyenye mikanda vya viwango vya Ulaya vinabeba mtoto mpaka kilo 18, na vingine zaidi ya hapo. Imeandikwa kwenye lebo, ile ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Mtoto wa kawaida anagonga kilo 18 akiwa na miaka kama mitano. Wa miaka mitatu anacheza kwenye kilo 14 na sentimita 95 hivi.

Sasa sikia hii. Uingereza tangu 2017, busta mpya zisizo na mgongo zinapitishwa kwa mtoto aliyezidi sentimita 125 na kilo 22 tu. Huyo ni mtoto wa darasa la kwanza au la pili. Na dada yetu kamuweka wa chekechea bado hajaanza!

Pili, angalia mabega. Kama mabega yamepita matundu ya juu kabisa ya mikanda ya kiti, au masikio yamefika ukingo wa juu wa kiti, kimeshakuwa kidogo. Kabla ya hapo bado kinamtosha, hata kama yeye analia kwamba ni cha kitoto.

Tatu, angalia tabia. Anayejitoa mkanda, anayeinama kuokota biskuti, anayeusukumia mkanda wa bega nyuma ya mgongo, huyo hajafika, hata kama kilo zimefika.

Na akishahamia busta, asitoke mapema. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema akae mpaka afike kama sentimita 145, ambapo wengi wanakuwa na miaka 8 mpaka 12. Uingereza sheria inasema mpaka sentimita 135 au miaka 12, kinachotangulia. Kipimo cha mtaani cha kumtoa busta ni hiki: mgongo umegusa siti, magoti yanakunja vizuri ukingoni, mkanda wa chini umelala juu ya mapaja, wa juu umepita katikati ya bega na kifua, na anakaa hivyo safari nzima. Kimoja kikikosekana, rudi busta.

Kwa nini huu mkanda wa chini unasumbua hivi? Mtu mzima ana mifupa ya nyonga iliyosimama, mkanda unanasa pale. Ya mtoto mdogo bado haijakomaa, mkanda unateleza unapanda tumboni. Gari likisimama ghafla, kinachobanwa sio mfupa tena, ni utumbo na uti wa mgongo. Na ule wa juu ukiwa shingoni, mnajua wenyewe.

SASA TUJE HUKU KWETU

Kuna kitu kimoja nataka Wanyakyusa wenzangu na nyanda za juu wote mkisikie. Hizi chati za umri mnazozikuta mtandaoni zimeandikwa kwa watoto wa wastani wa huko. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 umetuonyesha kwamba watoto 3 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa, na mikoa yetu ya nyanda za juu, pamoja na ndizi zote na maziwa yote haya, ipo juu kwenye hiyo orodha. Maana yake mtoto wako wa miaka sita anaweza kuwa na kimo cha wa minne. Ukifuata umri umepotea.

Una kadi ya kliniki nyumbani. Uzito wote umechorwa pale tangu azaliwe. Itoe kabatini, isome, halafu chukua futi ya fundi cherehani umpime urefu ukutani. Dakika tano. Hiyo ndiyo inayokuambia lini, sio keki ya besidei.

Kitu kingine cha huku ni baridi. Mtoto wa Tukuyu mwezi wa sita anavalishwa sweta mbili na koti lile nene kama godoro. Ukimfunga mikanda juu ya koti unaona imebana, kumbe imebana koti. Gari likigonga lile koti linasinyaa, mikanda inabaki na nafasi, mtoto anachomoka. Mvue koti, mfunge mikanda mpaka usiweze kuifinya kwa vidole begani, halafu umfunike kitenge au blanketi juu ya mikanda. Hajapata mafua na yupo salama.

Na barabara yenyewe mnaijua. Malori ya mpaka wa Kasumulu yanashuka, kosta za Kyela zinawahi, mvua ya huku haina ratiba, ukungu ukishuka Isongole unaona taa tu. Mbeya ilizika watu wengi Julai 2018, sio hadithi za kusoma. WHO wanasema ajali za barabarani ndizo zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Hiyo ni kundi letu sote humu.

NIMESHASOMA MAJIBU YENU, NGOJENI

Kabla hamjaandika, naomba niwajibu kabisa.

"Sisi tulikua tunapakatwa na hatukufa." Wewe hukufa. Aliyekufa hana akaunti ya kuja kukukomentia. Mtoto wa kilo 15 kwenye gari la spidi 50 likigonga kitu, anaondoka kwa nguvu inayofika mara ishirini ya uzito wake au zaidi. Hiyo ni kilo 300. Niambie ni mkono gani wa mama unashika kilo 300. Hata yule mchekeshaji wetu aliyejirekodi amempakata mwanae kwenye usukani akisema "dereva wangu huyu," na mazoezi yake yote ya jimu, hashiki.

"Sheria haijasema." Kweli, na hapo ndipo aibu ilipo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, mama yangu hajazaliwa. Imeongelea mkanda wa dereva na wa abiria wa mbele, lakini haina kifungu cha kumlazimisha mzazi awe na kiti cha mtoto. TAWLA na wanaharakati wenzao wamepiga kelele miaka mingi. Afrika Kusini tangu Mei 2015 mtoto wa chini ya miaka 3 lazima awe kwenye kiti chake. Na Japani, huko huko tunakoagiza hizi IST na Noah, tangu Aprili 2000 mtoto wa chini ya miaka 6 lazima. Yaani gari lako limeishi maisha yake ya kwanza likiwa na kiti cha mtoto nyuma, limefika Bongo ndio mtoto anawekwa kwenye sehemu ya kuegemea mkono! Trafiki hakusimamishi kwa hilo, sawa. Lakini lile lori halijui kwamba trafiki hakukusimamisha.

"Mtoto mwenyewe hataki." Hataki pia sindano ya kliniki. Ulimuuliza?

"Huu ni uzungu." Hapa ndipo naumia zaidi. Bibi zetu walikuwa na mbeleko. Mtoto alifungwa mgongoni, kanga imekazwa, fundo kifuani, bibi anapanda mlima na ndoo kichwani na mtoto hatikisiki. Na hakuna bibi aliyemshusha mtoto mbelekoni kwa sababu majirani walisema "amekua." Alimshusha miguu ilipoweza mteremko. Wazee wanasimulia hata zamani vijana wa Kinyakyusa walivyokuwa wanahama kwa wazazi kwenda kuishi kwenye vijiji vya rika lao, walienda wakiwa wanaweza kulima, sio kwa sababu walipigiwa makofi. Kumfunga mtoto mpaka awe tayari ni desturi yetu kabisa. Uzungu ni ile ya kuposti.

"Wewe unaongelea viti, huku watu wanapanda Noah watu kumi na bodaboda mishikaki." Huyu ndiye ananipa shida, kwa sababu anasema ukweli. Mama wa Masoko anayempeleka mtoto hospitali kwa bodaboda, mimi sina neno la kumwambia kuhusu busta, na nikimhubiria ntakuwa mjinga. Kwenye Noah ya abiria, ukibahatika siti yenye mkanda, mpe mtoto siti yake na mkanda wake, usijifunge naye mkanda mmoja maana wewe ndiye utakayemponda. Zaidi ya hapo hiyo ni kazi ya serikali na wenye magari.

Lakini dada staa hakupanda bodaboda. Ana gari ambalo siti yake ya nyuma ina mikanda kamili, ana hela, ana dereva, na alikuwa nacho kiti kile cha mikanda, tulikiona kwenye posti za mwaka jana. Alikitoa kwa hiari yake. Mwenye nacho akikitupa kwa sababu ya vimoyo, anamfundisha nini yule anayejichanga apate?

KUHUSU HELA, TUSEME UKWELI

Nimeulizia madukani. Kinachowafanya wengi waruke kile kiti cha kati ni bei. Busta ya kikalio ni rahisi, kiti cha mikanda kimechangamka. Kwa hiyo mtu anatoka kwenye kile cha mchanga anaenda moja kwa moja busta, halafu anakiita maendeleo.

Dawa ipo. Vipo viti vinavyobeba kilo 9 mpaka 36. Mtoto anaanza na mikanda ya kiti, akikua unaitoa mikanda ile, kiti kinageuka busta yenye mgongo. Unanunua mara moja, unamaliza nacho mpaka darasa la tano au la sita. Ukigawa kwa miaka hiyo ni nafuu kuliko hata mawigi tunayobadilisha kila sikukuu.

Mtumba je? Sikukatazi, lakini kagua. Kisicho na lebo acha. Chenye ufa hata mdogo acha. Usichojua kama kilishapata ajali, acha, maana kiti kikishagongwa mara moja kinaweza kuonekana kizima na kisishike tena. Na busta yoyote ile inahitaji mkanda wa bega na wa kiuno. Kuna magari yetu ya zamani siti ya katikati nyuma ina mkanda wa tumboni tu, hapo busta haikai.

NARUDI KWAKO, DADA

Sikuchukii. Nyimbo zako nacheza, harusi ya ndugu yako ilipendeza, na nimefurahi umekumbuka nyumbani. Ila una watu wengi nyuma yako kuliko kliniki zote za wilaya hii zikijumlishwa. Nesi anaongea na kina mama thelathini chini ya mti, wewe unaongea na taifa ukiwa umelala kitandani. Kampuni ya sabuni inakulipa kwa sababu inajua ukisema watu wanafuata. Basi na hili wamefuata. Wale kina mama wanne niliowahesabu wamefuata, na wapo ambao hawaposti.

Hakuna anayetaka upige magoti. Kile kiti kipo stoo. Kirudishe, mfunge mtoto, rekodi sekunde kumi na tano njiani ukirudi, uandike tu: "Kumbe bado sana." Siku hiyo mimi ndiye wa kwanza kukuwekea moyo, na ntakupandisha hapa juu kabisa na picha kubwa. Na yule mchekeshaji wa usukani, kaka, wewe tutaongea kivyako wiki ijayo.

Wadau, uwanja wenu. Wenye watoto, semeni wangu ana kilo ngapi, ana urefu gani na anakaa kiti kipi, tusaidiane hapa chini. Wenye maduka Mbeya na Tukuyu mnaouza viti vyenye lebo, dondosheni bei, leo tangazo ni bure. Na mliokuja kutukana, karibuni pia, ila njooni mmeshampima mtoto.